Boneti Inapogoma Kufunguka: Jinsi ya Kusoma Dalili Kabla ya Kutumia Nguvu

Boneti ya gari haikumbukwi mpaka siku inapohitajika kwa haraka: betri imekufa na jirani amekuja na nyaya za kubusti, taa ya oili imewaka njiani, au mkaguzi anataka kusoma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Siku hiyo dereva anavuta kishikio ambacho hajakigusa kwa miezi mingi, boneti inakataa, naye anavuta tena kwa nguvu zaidi. Mvuto huo wa pili ndio unaokata waya. Matatizo mengi ya boneti huanza yakiwa madogo, kama grisi iliyokauka au vumbi lililoganda ndani ya loki, na huwa makubwa kwa sababu ya nguvu iliyotumika kabla ya kujua ni kipi kilichokwama. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mkono na sikio, kwa kuwa mkazo unaousikia kwenye kishikio na mlio unaotoka mbele ya gari vinatosha kukuambia hitilafu iko wapi, kabla hujashika bisibisi.

Mfumo wenyewe unavyofanya kazi

Magari mengi yanayotumika Tanzania, Kenya na Uganda, hasa yale yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, yana mfumo unaofanana. Ndani ya gari kuna kishikio. Kishikio kinavuta waya mwembamba wa chuma unaoteleza ndani ya gamba lake, kama ule wa breki za baiskeli. Waya huo unapenya ukuta ulio kati ya dashibodi na injini, mara nyingi unaambaa kando ya madigadi, na unaishia kwenye loki iliyofungwa kwa boliti kwenye bamba la chuma lililo juu ya rejeta. Chini ya ncha ya boneti kuna kitanzi cha chuma ambacho loki hukikamata boneti inapofungwa. Waya ukivutwa, ulimi wa loki unaachia kitanzi, springi inaisukuma boneti juu kidogo, na unasikia mlio mmoja mkavu.

Hapo boneti bado haijafunguka. Imeshikwa na kulabu ya usalama, ambayo kwa kawaida haiunganishwi na waya wa kishikio na lazima isukumwe kwa kidole kutoka nje. Kulabu hii ina kazi kubwa: loki kuu ikiachia gari likiwa mwendoni, upepo huiinua boneti nzima na kuibamiza kwenye kioo cha mbele, na dereva haoni tena barabara. Nchini Marekani, kanuni ya shirikisho ya usalama wa magari namba 113 inataka boneti inayofunguka kwa mbele, ambayo ikiinuka inaweza kumziba dereva macho, iwe na kishikizo cha pili. Fundi anayependekeza kulabu ikatwe kwa sababu "inasumbua" anapaswa kukataliwa bila mjadala.

Kabla ya kugusa chochote

Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, vuta handibreki. Ikiwa gari limechemka, subiri lipoe kwanza, kwa sababu mvuke unaotoka chini ya boneti unaweza kuunguza uso na mikono, na feni ya umeme ya baadhi ya magari huweza kuanza kuzunguka hata baada ya injini kuzimwa. Nguo zenye mikono mirefu na iliyolegea, mtandio na mnyororo wa shingoni vikae mbali na sehemu hiyo.

Kuna hali moja ambapo boneti haifai kufunguliwa, hata kama inafunguka vizuri. Ukiona moshi mzito au dalili ya moto chini yake, kuinua boneti ni kuupa moto hewa unayoihitaji ukue. Abiria watoke na kusogea mbali, na Jeshi la Zimamoto liitwe. Kwa Tanzania namba ni 114. Mwenye kizimamoto na anayejua kukitumia anaweza kuvuta kishikio ili boneti iachie kidogo, aiache ikiwa imeshikwa na kulabu, kisha apulize dawa kupitia mwanya huo. Ikiwa moto umeshakuwa mkubwa, liache gari liungue.

Mkono unasema nini

Shika kishikio na ukivute polepole, kwa nguvu ya kawaida, mara moja tu. Matokeo yataangukia katika mojawapo ya hali nne. Ukisikia mkazo wa wastani kisha mlio mbele ya gari, waya na loki ni vizima, na tatizo, kama lipo, liko kwenye kulabu. Ukisikia mkazo wa wastani lakini hakuna mlio na boneti haijapanda, waya unafika kwenye loki lakini loki haiachii. Kishikio kikiwa kigumu kiasi cha kutosogea kabisa, waya umeshikana na gamba lake au loki imeganda kwa kutu. Na kishikio kikija chote mkononi bila ukinzani wowote, basi hakijaungana tena na kitu: waya umekatika, umechomoka, au gamba limetoka kwenye kishikizo chake.

Hali hizi nne hazitibiwi kwa njia moja. Kuvuta zaidi kunaweza kusaidia kidogo katika hali ya pili, kunaharibu katika ya tatu, na hakuna maana yoyote katika ya kwanza na ya nne.

Kishikio hakionekani

Tatizo hili humpata zaidi mtu aliyenunua gari karibuni au aliyeazima la mwenzake. Katika Toyota nyingi za usukani wa kulia, kama Vitz, Corolla, Premio na Harrier, kishikio kipo chini ya dashibodi upande wa kulia wa dereva, karibu na goti la kulia au na sehemu ambapo mlango unafunga. Kina mchoro mdogo wa gari lililoinua boneti. Kama giza linakuzuia, fungua mlango, piga magoti nje ya gari na umulike kwa simu kuanzia chini kwenda juu. Ukiwa umeketi kwenye kiti ni vigumu kukiona.

Wengi hukichanganya na kishikio cha kifuniko cha tenki la mafuta, ambacho katika magari mengi ya Japani kipo sakafuni kando ya kiti cha dereva na kina mchoro wa pampu. Katika baadhi ya saluni, pembeni yake kuna kingine cha buti. Mtu anaweza kuvuta hivi viwili kwa muda mrefu akidhani boneti ni mbovu, huku nyuma ya gari kila kitu kikiwa wazi.

Katika magari ya usukani wa kushoto, ambayo ni ya kawaida Rwanda na Oman, kishikio kwa kawaida kiko upande wa kushoto. Shida inakuja kwa magari ya Ulaya yaliyobuniwa kwa usukani wa kushoto, kisha yakatengenezwa pia kwa usukani wa kulia bila kuhamisha kila kitu. BMW na MINI nyingi za usukani wa kulia zina kishikio cha boneti upande wa kushoto, miguuni mwa abiria. Ford Focus ya kizazi cha pili iliyouzwa Ulaya haina kishikio ndani kabisa: nembo iliyo mbele ya gari inasogezwa pembeni, na nyuma yake kuna tundu la ufunguo. Anayetafuta waya kwenye gari hilo atachoka bure.

Magari kama Toyota HiAce yana injini chini ya viti vya mbele, na ndivyo zilivyo pia zile Noah za zamani zilizotangulia toleo la 2001. Kwa magari haya, anayetaka kuifikia injini hainui kifuniko cha mbele, anainua kiti.

Ukikosa kabisa, kitabu cha gari kina mchoro, na kama kiko kwa Kijapani mchoro wenyewe unatosha. Tazama pia kama mwenye gari wa zamani aliweka kufuli la ziada au mnyororo chini ya boneti kwa kuogopa wezi wa betri. Kufuli kama hilo huzuia boneti isiinuke hata mfumo wa kiwandani ukifanya kazi barabara, na dalili yake ni boneti inayopanda kidogo, kulabu ikaachia, kisha ikakwama juu zaidi ya pale inapokwama kwa kawaida.

Mlio umesikika, lakini boneti hainuki

Hapa hakuna kilichoharibika mara nyingi. Kulabu haijapatikana tu. Ingiza vidole, kiganja kikiangalia juu, kwenye mwanya uliotokea kati ya boneti na grili, yaani shoo ya mbele, kisha uvitembeze taratibu kutoka katikati kwenda pande zote mbili. Kulabu mara nyingi iko katikati au imesogea kidogo upande mmoja, na ina ulimi mdogo wa chuma au wa plastiki. Baadhi husukumwa kushoto, baadhi kulia, nyingine huinuliwa juu au kubonyezwa ndani. Badala ya kubahatisha, piga magoti mbele ya gari na umulike: ukiuona ulimi utajua unaelekea wapi.

Kosa la kawaida ni kuinua boneti kwa mkono mmoja huku ukisukuma kulabu kwa mwingine. Boneti ikivutwa juu, kulabu inabanwa na uzito wa mvuto huo na haiwezi kusogea hata ikiwa safi. Fanya kinyume: ibonyeze boneti chini kidogo, bila kuifunga tena, sukuma kulabu, ndipo uinue.

Ulimi ukiwa mgumu hata hivyo, umeota kutu kwenye pini yake. Upulizie dawa ya kulainisha kutu kama WD-40 kupitia mwanya, subiri robo saa, kisha ujaribu tena ukitumia bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya BMW za miaka ya karibuni hazina ulimi wa kusukuma kwa kidole; kishikio cha ndani kinavutwa mara mbili, na mvuto wa pili ndio unaoachia kulabu.

Kishikio kina mkazo, lakini boneti haipandi

Hii ndiyo dalili inayopatikana zaidi, na sababu yake karibu kila mara ni loki kavu. Loki iko mahali pabaya: inapigwa na upepo, maji ya mvua, vumbi na wadudu wanaopita kwenye grili. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, hewa yenye chumvi huila springi na pini zake. Bara, vumbi jekundu la barabara za changarawe huchanganyika na grisi ya zamani na kuwa tope gumu. Tabia ya kuosha injini kwa mashine ya presha na sabuni kali huongeza tatizo, kwa kuwa huondoa grisi yote na hakuna anayekumbuka kuirudisha. Gari linatoka kung'ara, na baada ya majuma machache loki inaanza kunung'unika.

Tiba ya kwanza inahitaji watu wawili. Mmoja aketi ndani, avute kishikio mpaka mwisho na akishikilie hapo. Mwingine asimame mbele ya gari, aweke viganja vyote viwili juu ya boneti moja kwa moja palipo na loki, abonyeze chini kwa uzito wa mwili, kisha aachie ghafla. Kubonyeza kunaondoa shinikizo ambalo kitanzi kinaliweka juu ya ulimi wa loki, na kwa kuwa waya tayari umevutwa, ulimi unapata nafasi ya kusogea. Rudieni mara kadhaa kabla ya kukata tamaa. Aliye peke yake anaweza kukifunga kishikio kwa kamba iliyokazwa kwenye pedali au kwenye reli ya kiti ili kibaki kimevutwa, kisha aende mbele kubonyeza.

Neno ni kubonyeza, na si kupiga. Ngumi na kitako cha kiganja huacha mabonde kwenye bati, na boneti za aluminiamu, kama ile ya Toyota Prius, hubonyea upesi kuliko za chuma na ni ghali kunyoosha.

Ikishindikana, pulizia dawa ya kulainisha kutu kwenye loki kupitia grili, ukitumia ule mrija mwembamba unaokuja na kopo, na uelekeze kwenye mstari wa katikati ambapo kitanzi kinaingia. Acha ifanye kazi angalau robo saa, pulizia tena, kisha urudie kubonyeza na kuvuta. Loki iliyokauka tu huachia kwa njia hii. Isiyoachia ina springi iliyovunjika, au waya umerefuka na haumalizi mwendo wake: utalitambua hili la pili kwa kishikio kinachosafiri mbali kabla ya kuanza kukaza. Katika hali hiyo, vuta waya wenyewe kwa plaizi nyuma ya kishikio, kwa njia itakayoelezwa hapo chini, ili kuongeza sentimita moja au mbili zilizopungua.

Kishikio hakisogei kabisa

Hapa ndipo subira inapolipa. Kishikio cha plastiki kitavunjika kabla ya kutu kuachia, na ukikivunja utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Jiulize kwanza kama kuna kazi yoyote iliyofanyika mbele ya gari karibuni. Fundi aliyebadilisha rejeta, taa au betri anaweza kuwa ameuacha waya nje ya klipu zake, ukabanwa na chuma au ukakunjwa kwa pembe kali, na waya uliokunjwa hautelezi ndani ya gamba. Gari lililotoka gereji juzi na leo kishikio ni kigumu lirudi kwa fundi huyohuyo, akiwa bado anakumbuka alipopita.

Kama hakuna kazi iliyofanyika, shuku kutu. Pulizia dawa kwenye loki kama ilivyoelezwa, kisha pia kwenye ncha ya waya iliyo ndani ya gari, mahali unapoingia ndani ya gamba. Dawa huhitaji muda kutambaa ndani, hivyo jioni ni wakati mzuri wa kupulizia na asubuhi wa kujaribu. Unapojaribu, vuta kidogo na uachie, vuta kidogo na uachie, mtu wa pili akibonyeza boneti. Kila milimita inayopatikana ni dalili kwamba kutu inaachia. Ukiona hakuna mabadiliko yoyote baada ya kurudia hivyo kwa siku moja au mbili, acha kishikio kama kilivyo na uifikie loki kutoka nje.

Kishikio kimelegea mkononi

Anza mahali pa karibu zaidi. Piga magoti mlangoni, mulika nyuma ya kishikio, na uangalie kama kile kichwa kidogo kilicho mwishoni mwa waya bado kimekaa kwenye nafasi yake. Mara nyingi kishikio chenyewe ndicho kilichopasuka, au kichwa kimechomoka, na waya mzima uko palepale unasubiri kuvutwa. Shika ncha yake kwa plaizi, au vizuri zaidi kwa vaisigripu (plaizi inayojifunga) isiyoteleza, lishikilie gamba kwa mkono wa pili lisifuate, na uvute kwa mstari ulionyooka kuelekea kwako. Ikiwa mbele patalia, boneti imefunguka na kilichobaki ni kununua kishikio.

Waya ukitoka wote kwa urahisi, ncha yake ikiwa imechanika nyuzinyuzi, umekatika mbele zaidi. Huwa unakatikia kwenye ncha zake, pale unapopinda kuingia kwenye kishikio au kwenye loki, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila unapotumika. Kuna sababu nyingine ambayo hata mafundi huisahau: waya ni mzima, ila gamba limetoka kwenye kishikizo chake karibu na loki. Gamba lisiposhikwa, ukivuta waya gamba nalo linasogea, na loki haipati mvuto wowote.

Kabla ya kuanza kuchokonoa, tafuta gari jingine la aina na toleo lilelile, umwombe mwenyewe afungue boneti. Dakika chache za kulitazama ni bora kuliko nusu siku ya kubahatisha. Angalia mambo matatu: loki iko umbali gani kutoka katikati, waya unaingia kutoka upande gani, na kile kidole cha chuma ambacho waya unakivuta kinasogea kuelekea wapi. Piga picha. Kwa kuwa Vitz au Premio haikosekani katika kituo chochote cha teksi mjini, hili si jambo gumu.

Njia ya kwanza ya kuifikia loki ni kupitia grili. Ukiwa na bisibisi ndefu au waya mgumu uliokunjwa ndoano mwishoni, penyeza kwenye tundu la grili, kitafute kile kidole ulichokiona kwenye picha, na ukisukume kule waya ungekivuta, huku mwenzako akibonyeza boneti. Jihadhari na rejeta iliyo nyuma tu ya hapo pamoja na kondensa ya AC, ambazo mapezi yake ya aluminiamu hutobolewa na bisibisi bila shida. Kipande cha ubao mwembamba au kadibodi ngumu kikiteremshwa mbele yake ni kinga ya kutosha. Grili nyingine huweza kung'olewa kwa kufungua klipu zinazoonekana kwa mbele, na hapo kazi inakuwa nyepesi.

Ikiwa mtengenezaji ameifunika loki kwa bamba, kama wanavyofanya wengi ili kuwazuia wezi, pitia madigadi. Legeza nati za gurudumu la mbele la upande ambao waya unapita, inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, toa gurudumu, kisha ufungue klipu na skrubu za ile plastiki ya ndani ya madigadi. Katika magari mengi, waya wa boneti au njia yake itafikika nyuma ya plastiki hiyo. Hapo unaweza kulikata gamba kwa uangalifu bila kukata waya, ukaushika waya wenyewe kwa vaisigripu na kuuvuta kuelekea nyuma ya gari. Njia hii inafaa pale tu waya ulipokatikia ndani, karibu na kishikio.

Njia ya mwisho ni kutoka chini, na ninaiweka mwisho makusudi. Mkono unapitishwa kati ya bampa na rejeta kwenda juu, mahali finyu penye ncha kali za bati. Inafaa zaidi kwenye shimo la gereji au kwenye lifti. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, na kituo cha hasi cha betri kingekuwa kimefunguliwa kama betri ingefikika. Kwa kuwa haifikiki, ufunguo utolewe kwenye swichi na usogezwe mbali.

Mtaimbo, msumeno na kukata boneti kwa grainda havimo katika orodha hii. Loki ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na boneti, rangi yake na kazi ya kuinyoosha.

Boneti haifungi, au inafunga kisha inaachia

Dalili hii ni ya hatari kuliko zote zilizotangulia, kwa maana boneti isiyofunguka humchelewesha mtu, na isiyofunga huweza kumuua. Inua boneti na uichunguze loki kwa macho. Boneti ikiwa wazi, ulimi wa loki unapaswa kuwa juu, tayari kupokea kitanzi. Ukiukuta umelala katika hali ya kufungwa, kitanzi hakiwezi kuingia hata ukiibamiza namna gani, na kubamiza huko kutapinda bati. Mwambie mtu avute kishikio, ulimi urudi juu. Ukikataa kurudi, springi yake imechoka au loki imejaa uchafu.

Kagua pia kama kishikio ndani ya gari kimerudi mahali pake. Kikibaki nje, waya umebaki umevutwa, na loki haiwezi kukamata. Kirudishe kwa mkono. Kikirudi nje tena, waya una kutu au umekazwa mno ulipofungwa.

Kama loki na waya ni vizima, tazama zile raba mbili zenye nyuzi za skrubu kwenye pembe za mbele, ambazo boneti huzilalia. Zikizungushwa zikapanda juu sana, zinaizuia boneti isishuke hadi kwenye loki. Zikishuka sana, boneti inacheza na kulia barabarani. Zirekebishe mzunguko mmoja kwa mara moja, ukijaribu kila mara. Loki yenyewe hukaa kwenye matundu marefu yanayoiruhusu kusogezwa, na gari lililowahi kugongwa mbele huhitaji marekebisho hayo, lakini weka alama kwa kalamu kabla ya kulegeza boliti.

Kwa kufunga, ishushe boneti mpaka ibaki kama sentimita 20 au 30, kisha iachie ishuke kwa uzito wake. Ukiona haikukamata, usiisindilie. Ifungue tena na urudie. Baada ya kufunga, jaribu kuiinua kwa vidole: ikicheza, imeshikwa na kulabu peke yake na gari halifai kuondoka. Ikiachia ukiwa barabarani, punguza mwendo polepole bila kufunga breki kwa ghafla, chungulia chini ya ukingo wake na kupitia dirisha la pembeni, na uegeshe.

Taa ya boneti inawaka ilhali boneti imefungwa

Magari yenye kengele ya wizi au taa ya onyo yana swichi ndogo ndani au kando ya loki. Uchafu na maji huifanya itoe taarifa ya uongo, kengele ikalia usiku bila sababu. Hakikisha kwanza kwamba boneti imefunga kweli, kisha safisha swichi na kiunganishi chake cha umeme. Ikishindikana, hubadilishwa, na katika baadhi ya magari huuzwa pamoja na loki nzima.

Gari lililogongwa mbele

Bamba linaloshika loki likipinda hata kidogo, kitanzi hubanwa upande na hakuna mbinu ya kubonyeza itakayokisaidia. Usiendelee kuvuta kishikio. Kazi hii ni ya fundi wa bodi, ambaye atalivuta bamba mbele kwanza ndipo aifungue loki.

Kufunga waya mpya

Waya uliokatika haufai kuungwa kwa kifundo. Kifundo hakipiti ndani ya gamba. Nunua waya kamili na gamba lake, wa aina na toleo la gari lako, kwa maana waya uliopungua sentimita chache utakaza loki daima. Funga kamba imara kwenye ncha ya waya wa zamani kabla ya kuuchomoa, ili kamba hiyo ibaki njiani na itumike kuuvuta mpya kupitia tundu la ukutani pamoja na raba yake ya kuzuia maji. Urudishe kwenye klipu zote, bila kona kali. Kama waya haupatikani siku hiyo, kamba ya chuma iliyofungwa kwenye kidole cha loki na kufichwa nyuma ya grili itakusogeza kwa siku chache, ingawa mwizi akiigundua atafungua boneti yako upesi kuliko wewe.

Safisha loki kwa brashi na dawa, ikauke, kisha upake grisi nyeupe ya lithiamu kwenye ulimi, pini na kulabu. Dawa ya kulainisha kutu peke yake haitoshi, kwa kuwa hukauka. Halafu, boneti ikiwa bado wazi, ulaze ulimi wa loki kwa bisibisi kana kwamba kitanzi kimeingia, nenda ndani uvute kishikio, na urudi kuangalia kama ulimi umeinuka wote na kishikio kimerudi. Rudia jaribio hilo mara kadhaa. Ulimi ukisita hata mara moja, usiifunge boneti mpaka utakapopata kinachouzuia.